Rangi ya Tumbo la Mtumbwi

Mwanangu Tumaini,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema, kwa hiyo nimefuta meza nikakaa kuandika. Baba yako yuko uani. Analifunga sanduku lako kamba kwa mara nyingine, ingawa lina kufuli na ufunguo unao wewe. Mwache afunge. Hajui kuaga kwa namna nyingine.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kutunza vyeti vyako visilowe. Hayo tumeyasema, shangazi zako wameyarudia, na mchungaji naye akayagusa Jumapili. Nataka kukujibu swali lako la jana.

Tulikuwa tunapukuchua maharage. Ukatusimulia kwamba mlipokwenda mafunzo kwa vitendo, mzee mmoja mvuvi akakuuliza mbele ya wenzako: "Binti, wewe uliyesoma, hebu niambie. Chombo cheupe na chombo cheusi, samaki anakikimbia kipi?" Ukakosa la kusema, wenzako wakacheka. Halafu ukanigeukia ukasema, "Mama, si wewe ulikuwa unapaka rangi mitumbwi? Hivi rangi inawafukuza samaki kweli?" Baba yako akainuka, akasema anakwenda kuangalia kuku. Mimi nikasema maharage ya mwaka huu yana wadudu. Ulitutazama mmoja mmoja, ukaendelea kupukuchua.

Hukukosea kuuliza. Ni swali zuri. Ila sisi wawili hatujawahi kulizungumza ndani ya nyumba hii, na wewe umekua ukijua kipande tu: kwamba tuliwahi kuishi bwawani, Nyumba ya Mungu, kwamba nilipaka rangi mitumbwi, na kwamba ulizaliwa tulipokwisha kurudi huku milimani. Kesho unakwenda Kigoma kuwa afisa uvuvi. Nisipokueleza leo, utalipata jibu kwa watu wengine, na mimi nitabaki nimekunyima.

Baba yako alikuwa seremala hapa hapa Gare. Alitengeneza milango, vitanda na madawati. Baadaye ukataji miti msituni ukazuiwa, mbao zikaadimika, mafundi wakawa wengi kuliko kazi. Binamu yake aliyekuwa anavua bwawani akamwita, akasema huko watu wanahitaji mitumbwi ya mbao na mafundi hawakai. Tulikuwa na miezi michache tu tangu tufunge ndoa. Tukateremka.

Maji niliyoyajua mimi ni ya kijito, yanayopita mbio yakipiga kelele, unayavuka kwa kuruka mawe. Kule nilikuta maji yamelala. Yamelala mpaka macho yanachoka, na ng'ambo unaona milima imesimama kama ya kuchorwa. Joto lilinikalia kifuani. Nyumba yetu ilikuwa mabati kuanzia ukutani mpaka juu, na mchana hukuweza kukaa ndani. Kwa hiyo nilishinda kivulini kwa baba yako, kwenye banda lake la kazi, na mtu aliyezoea jembe hawezi kushinda amekaa tu. Nikaanza kumsaidia kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba. Kisha nikashika brashi.

Wanawake wengine kambini walikaanga samaki. Mimi harufu ile ya mafuta ilinishinda, lakini harufu ya rangi sikuichoka kamwe. Nilipenda kulipiga msasa tumbo la mtumbwi uliopinduliwa, kulifuta vumbi, kisha kupitisha brashi kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuinua mkono. Baba yako akasema mkono wangu ni mtulivu kuliko wake. Akaniachia kazi hiyo yote.

Siku moja akaja Mzee Hamisi. Alikuwa Mpare mwembamba, mtu wa maneno machache, na kambi nzima ilimheshimu kwa sababu alivua pale kabla ya wengi kufika. Alitaka tumbo la mtumbwi wake lipakwe upya, jeupe. Rangi nyeupe niliyokuwa nayo haikutosha. Nikaichanganya na masalia ya bluu tuliyopakia mlango wa duka la jirani, ikatoka rangi ya anga ya asubuhi, ile ambayo si bluu wala si nyeupe. Akaitazama, akasema haidhuru.

Safari yake ya kwanza na mtumbwi ule alirudi na perege wengi mpaka watu wakamsaidia kupakua. Akaja bandani moja kwa moja, maji yakimchuruzika.

"Mama, umenipaka nini? Samaki hawakuniona."

Ningecheka tu, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa msichana wa milimani ambaye kambi nzima ilimwona hajui kitu. Sikujua kupara samaki, sikujua kutengeneza wavu, niliogopa hata kuchota maji pale yanapofika magotini. Leo mzee anayeheshimiwa ananiuliza mimi. Nikamjibu kana kwamba nililijua jambo lile siku zote: "Samaki anatazama juu, mzee. Juu kuna anga. Mtumbwi wenye rangi ya anga hatauona."

Nilisema hivyo mimi, Tumaini, ambaye nilikuwa sijawahi kuzamisha uso wangu majini.

Watu wakaanza kuja. Wakaniita Mama Rangi. Kila aliyekuja alitaka rangi ya Mzee Hamisi, na kila aliyekuja nilimweleza habari za anga na macho ya samaki, na kila nilipoeleza maelezo yalinyooka zaidi. Mwisho niliyaamini kabisa. Baba yako alinisikiliza siku moja mpaka mteja akaondoka, akasema taratibu, "Maji haya ukitia mkono huoni vidole vyako. Huyo samaki anaiona wapi rangi?"

Nikamwambia, "Wewe pigilia misumari."

Akapigilia misumari. Unamjua baba yako.

Nakueleza hili kwa sababu unakwenda mahali ambapo utaulizwa kila siku, na utaulizwa na watu waliokuzidi umri, wamekuvulia kofia kwa sababu ya cheti chako. Kuulizwa kuna utamu wake. Mimi utamu ule ulinifanya nijibu kabla sijafikiri, na nilipokwisha kujibu mara ya kwanza sikuwa na pa kurudi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa haba. Bwawa likarudi nyuma likaacha matope, samaki wakapungua. Wakapungua kwa kila mtu, mwenye mtumbwi wa anga na asiye nao. Lakini wale waliokuwa wanakuja kunishukuru sasa walikuja kuuliza nimebadilisha nini kwenye kopo. Mama mmoja jirani yangu, mke wa mvuvi, ambaye tulisalimiana kila asubuhi, akawa akiniona anatazama pembeni. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mumewe alirudi na wavu mtupu kwenye mtumbwi niliousifia mimi.

Ndipo akaja Shabani. Huyu alikuwa rafiki wa baba yako, wa umri wake, mtu wa utani, mkali wa kasia. Alivua mwenyewe, na mtumbwi wake aliuunda baba yako. Akakaa juu ya gogo bandani, akaniambia:

"Shemeji, samaki wamejanjaruka. Hiyo rangi ya anga wameshaizoea. Mimi nipake ya matete."

"Chini?"

"Chini na juu. Nje na ndani. Na makasia. Nikipita nionekane kama matete yanatembea."

Nilifurahi kupata kazi, na nilifurahi zaidi kupata jambo jipya la kuwaambia watu. Nikachanganya kijani na nyeusi kidogo, rangi ya mafuta, ile inayong'aa. Nikapaka kila ubao. Baba yako alipita, akashika ukingo wa juu wa mtumbwi, akasema, "Hapa ungeacha pawe peupe kidogo."

Nikamwambia, "Shabani hataki kuonekana."

"Na samaki," akasema baba yako. "Na sisi je?"

Nilidhani ananitania. Nikapaka ukingo nao.

Baada ya siku chache mtumbwi ule ukaanza kuvuja kidogo kwenye kiungo cha ubao mmoja. Ufukweni ulikuwa mkavu, ila ukibeba watu maji yaliingia. Baba yako akasema atatoka na Shabani mchana, aone yanapoingilia wakiwa majini. Hakuwa na kawaida ya kwenda mbali. Alikula, akaniambia nimwekee chai, akaondoka na nyundo na kipande cha pamba mfukoni.

Upepo wa kule hauna adabu. Unaweza kuanika nguo pakiwa kimya, ukageuka kuchukua kibanio ukakuta kanga inapepea. Siku ile ulianza hivyo. Maji yakabadilika rangi, mawimbi yakapanda, na mitumbwi yote iliyokuwa nje ikaonekana inarudi, mmoja mmoja, watu wakiteremka wamelowa na wanacheka kwa sababu wamefika. Nilikuwa nahesabu nyuso. Wa kwao haukuwemo.

Upepo ulipolegea wanaume wakatoka kuwatafuta. Wakarudi. Wakatoka tena, Mzee Hamisi akiwa mbele, wakarudi tena.

"Hatuoni kitu," akaniambia. Hakunitazama usoni aliposema.

Mimi nilikuwa na mimba yako. Haikuwa imeonekana bado, baba yako tu ndiye aliyejua. Nikakaa mchangani. Yule mama jirani aliyekuwa ananitazama pembeni akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Wengine wakaja. Wanawake wa pale walijua namna ya kukaa na mtu anayengoja maji. Sijasahau mikono ile.

Nikawa natazama bwawa. Kambi yetu ilikuwa upande wa mashariki, na jua lilikuwa limeanza kuteremka, kwa hiyo lilitupiga machoni, na maji yote mbele yetu yalikuwa yanametameta. Nikajiambia, mtumbwi umepinduka, tumbo liko juu, na tumbo lile ni la kijani cheusi. Katika mameto yale watauonaje? Ni doa. Kila wimbi lina doa.

Kisha nikakumbuka kitu ambacho hakuna aliyekijua ila mimi, kwa sababu ndiye niliyeupaka. Ule mtumbwi ulipokuwa unakauka ufukweni, asubuhi nikija bandani jua likiwa nyuma yangu, rangi ile ya mafuta ilinirushia mwanga machoni kama kioo. Nikiupita nikageuka kuutazama kutoka upande wa pili, ulikuwa gogo jeusi tu. Ulikuwa mtumbwi ule ule na rangi ile ile. Kilichobadilika ni mahali niliposimama.

Nikainuka nikamfuata Mzee Hamisi.

"Mzee, mnatafuta mkiwa mnalitazama jua. Hamtauona hivyo. Zungukeni mpaka ng'ambo, jua liwe mgongoni, ndipo mtazame huku tuliko. Ile rangi imelowa, itang'aa."

Kijana mmoja akasema, "Huyu naye na rangi zake." Mzee Hamisi alitazama jua, akatazama maji, akafikiri kidogo.

"Itang'aa namna gani?" akauliza.

"Nitakuonyesha. Nakuja na nyinyi."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi ukae katikati," akasema, "na usisimame hata ukimwona mumeo."

Nilipanda. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Nilishika ubao niliokalia kwa mikono miwili. Nilitazama visigino vya mtu aliyekuwa mbele yangu, basi. Walipiga makasia kwa muda mrefu, wakazunguka, hata Mzee Hamisi akasema, "Haya, sasa jua liko mgongoni. Tazama."

Nikainua uso. Tumaini, maji yalikuwa mengine. Mameto yamekwisha, bwawa lote limekuwa jeusi na tulivu machoni, na nikaona mashariki mitumbwi ya kambini imepangwa midogo kama viatu mlangoni. Tukaenda taratibu. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kisha karibu na matete, mbali kabisa na pale walipokuwa wanatafuta, kitu kikawaka. Kikazima. Wimbi likapita, kikawaka tena.

"Pale," nikasema. "Mzee, pale."

Walikuwa wamelala juu ya tumbo la mtumbwi, mmoja huku mmoja kule, wameshikana mikono juu ya uti wake ili asidondoke mmoja akamwacha mwenzake. Shabani vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja. Walikuwa wamewaona watafutaji mara mbili wakipita, wamepiga kelele mpaka sauti zikakauka, na upepo ukazichukua. Baba yako alipoinuliwa akawekwa miguuni pangu, alinitazama kana kwamba tumekutana njiani natoka shambani, akanisalimia kwa Kishambaa salamu ya mchana: "Onga mshi."

Nikashindwa kuitikia. Mzee Hamisi, Mpare wa watu, ndiye aliyeitikia kwa niaba yangu, na akakosea, na wote mle mtumbwini tukacheka na kulia.

Kesho yake asubuhi nilichukua kopo la njano. Mtumbwi wa Shabani ulikuwa umevutwa mpaka bandani. Sikumwomba ruhusa mtu. Nikapaka ukingo wote wa juu, kuzunguka, na mbavu nusu, na vichwa vya makasia. Shabani alikuja amejifunga shuka, anakohoa, akasimama kunitazama.

"Shemeji, samaki wataniona."

"Wakuone. Na mimi nikuone."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, akakaa chini. Hakuipangusa ile njano.

Sasa swali lako. Wavuvi wa pale nao walitaka kujua, kwa sababu baada ya siku ile kila mtu alikuwa na maoni. Mzee Hamisi na Shabani wakakubaliana watoke pamoja, mtumbwi wa anga na mtumbwi wa kijani, nyavu za aina moja, sehemu moja, waone. Walifanya hivyo kwa muda. Siku nyingine huyu alipata zaidi, siku nyingine yule, siku nyingine wote walirudi na kambale wawili watatu wa kuoneana huruma. Mimi sikuona tofauti iliyokaa. Kitu kilichoonekana kuleta tofauti ni kelele. Shabani alikuwa na tabia ya kutupa kopo la kutolea maji kwenye ubao, na Mzee Hamisi aliapa kwamba perege walitawanyika kila kopo lilipogonga. Wakatandika magunia chini. Wote wawili walidhani wanapata nafuu. Lakini hata hapo sitaki kuapa, nilishaapa vya kutosha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: katika maji yale ya matope, rangi ya chini haikuwasumbua samaki kwa namna niliyoweza kuiona. Zaidi ya hapo sijui. Nasikia maji ya Kigoma ni maangavu, unaona mawe ya chini. Labda huko samaki anaona yale ambayo wa kwetu hakuyaona. Labda kivuli cha chombo kinamtisha kuliko rangi yake, kwa sababu kitu kikikukinga jua utakiona cheusi hata kikiwa cheupe. Baba yako aliniambia hivyo baadaye, tungali kule bwawani, akiwa chini ya meza anaurekebisha mguu wa meza. Lakini hayo ni ya mtu aliye chini ya meza. Wewe utakuwa juu ya maji yenyewe.

Yule mzee akikuuliza tena, au mwingine kama yeye, mwambie hujui, na umwombe akupeleke ukaone. Najua utaona haya. Mimi niliona haya kusema neno hilo, na umeona nilikofika. Ila habari ya sehemu ya juu ya chombo, ile inayobaki nje ya maji, hapo usisite. Ipakwe kitu cha kuonekana. Wakikuambia samaki wataona, utajua la kuwajibu.

Na usiwacheke. Hili naliweka kwako kwa moyo wangu wote. Utakutana na watu watakaokuambia nyekundu ina mkosi, nyeusi inaita samaki, bluu inachosha. Mtu aliyerudi na wavu mtupu, nyumbani anangojwa, hawezi kubadilisha upepo wala hawezi kuongeza maji. Rangi anaweza kuibadilisha. Ndiyo maana anaishika. Walipokuja kwangu na makopo yao nilidhani wanakuja kwa sababu mimi ni hodari. Walikuja kwa sababu walikuwa na hofu.

Nimebakiza jambo moja, ambalo ni gumu kwangu kuliko habari ya mtumbwi.

Baada ya ile ajali nilisema nataka kurudi nyumbani. Baba yako alikuwa amependwa kule. Kazi yake ilijulikana mpaka vijiji vya ng'ambo, na mikono yake ilikuwa na furaha ambayo sikuiona tena kwenye milango na vitanda. Hakubishana. Alifunga vifaa vyake, tukapanda mlima, ukazaliwa huku kwenye baridi. Nikaifunga habari ile. Mtu akitaja bwawa, nilibadilisha mazungumzo. Nilidhani nikiyanyamazia maji hayatakuja mlangoni kwangu.

Wewe ukaja mlangoni kwangu ukasema unataka kusomea uvuvi.

Unakumbuka sikukujibu. Nilimtuma shangazi yako akushawishi uuguzi, nikamtuma mwalimu wako wa kwaya naye akushawishi ualimu. Siku ulipoondoka kwenda chuo baba yako ndiye aliyekusindikiza mpaka Lushoto kwenye basi, na wewe uliambiwa mama yuko shambani anapalilia. Nilikuwa shambani kweli. Magugu hayakuwepo, nilikuwa nimeyamaliza wiki iliyotangulia. Nilisimama katikati ya mahindi nikasikiliza mpaka nilipodhani basi limeshapita kona zote na kufika Mombo.

Ulidhani sikuiamini akili yako. Hukuwahi kuniambia, lakini niliiona kwenye namna ulivyokuwa unanionyesha matokeo yako, kwa haraka, kama mtu anayeonyesha tiketi. Sikuwahi kuwa na shaka na akili yako hata siku moja. Niliwaona tu wale wawili juu ya mbao, na kila nilipokutazama unasoma nilikuweka wewe pale. Ningekueleza hivi miaka ile, ungekasirika kidogo, tungezungumza, na pengine ungeniuliza swali la rangi mapema, tukalifikiria wote.

Baba yako ameingia sasa hivi. Ameona karatasi zilivyojaa.

"Unamwandikia nini chote hicho?"

"Habari za rangi."

Akavuta kiti. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akauliza, "Umemwambia kwamba nilikuonya kuhusu ule ukingo?"

"Nimemwambia."

"Vizuri," akasema, na alitabasamu kidogo.

Nikaweka kalamu, nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza tangu tupande mlima ule: "Wewe ulitaka tubaki kule?"

"Nilitaka," akasema. "Lakini nilitaka zaidi uwe unalala."

Kisha akainuka, akasema kamba moja ya sanduku imelegea.

Kesho nitakusindikiza mimi. Nimeshamwambia. Tutateremka wote mpaka Mombo, na utakapopanda basi la mbali nitasimama pale pale mpaka liondoke, huna haja ya kunitafuta kwa macho kwenye mahindi.

Na hilo swali la yule mzee, usihangaike kuniandikia jibu. Ukishapata chumba na ukishazoeana na watu, nitakuja. Baba yako anasema naye anakuja, ingawa hakuna aliyemwalika. Utatutafutia chombo chochote cha mtu unayemwamini, kiwe na rangi yoyote, ututoe mpaka pale maji yanapokuwa maangavu kama wanavyosema. Nitainama ukingoni, nitie uso wangu majini, nitazame.

Mama yako